Mbuzi wa Akika Aliyekutwa na Madini ya Risasi

Mbweni, Unguja
12 Mei 2025

Kwa Bwana Mkuu wa Ukaguzi wa Nyama,

Baada ya salamu na heshima, ninamlalamikia mkaguzi wako, Bwana Usi, aliyemzuia mbuzi wa akika ya mjukuu wangu, Sumaiya, tuliyoipanga Jumamosi hii. Mbuzi tumepewa na babu mwenzangu wa upande wa baba wa mtoto, Bwana Borafya, anayefuga nyuma ya karakana ya kuyeyusha betri kuukuu. Damu ya mbuzi ilipimwa, ikaonekana ina risasi kupita kiasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chuoni tulisomeshwa kuwa mnyama wa akika asiwe chongo, kiguru, mgonjwa wala mkondefu. Risasi haikutajwa. Huyu ana macho mawili, miguu minne na kitambi.

2. Kwa mujibu wa shajara yangu, tarehe 9 Mei Bwana Usi alisema uani kwangu, mbele ya wageni, kuwa mbuzi huyu akifungwa kwenye gari litawaka bila ya betri. Bwana Borafya alikuwepo. Alimjibu kuwa anakula mbuzi hao mwaka wa ishirini huu na hajaumwa. Ni kweli, mikono tu inamtetemeka, na swali moja hutuuliza mara tatu, lakini hayo ni ya utu uzima.

3. Mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi, ili mtoto awe mzima wa viungo. Bwana Usi anasema risasi hukaa mifupani. Sasa kama hatuivunji, itatokea wapi?

4. Binti yangu Badria, mama wa mtoto, amepungukiwa damu, na hospitali wamempa vidonge vya madini. Hapa madini yamo ndani ya maini, tena bila ya foleni.

Kwa hiyo naomba mbuzi aruhusiwe, na karakana itambuliwe rasmi kuwa malisho, mifugo isionekane imeingia pasipo pake.

Nisalimie wote ofisini, na Bwana Usi pia. Sina kinyongo naye.

Mimi ninayengojea muhuri wako,
Talib Muhiddin

Tanbihi: Hapo juu Bwana Borafya amepasoma na ameridhika. Hapa naandika akishaondoka. Tafadhali ombi likatae, kwa barua yenye muhuri mkubwa, ifike kabla ya Ijumaa. Badria ananyonyesha, na ameapa hatii mdomoni hata mchuzi wake. Mbuzi mwengine, wa Jambiani, nimeshamficha kwa jirani. Mimi siwezi kumwambia babu mwenzangu kuwa zawadi yake ni sumu. Wewe si mkwe wake.