Kifaa cha Kuongozea Ndege

Napenda kuutangazia umma kwamba Mamlaka Kuu ya Anga, iliyokabidhiwa kila kitu kilichopo kati ya paa lako na mbingu, imetimiza nusu karne bila kuanguka hata mara moja. Ndege chache zimewahi kuteleza, lakini hilo ni suala la ndege.

Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Vizuizi. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna jengo, mti wala tangi la maji linalojikweza kwenye njia ya ndege zinazotua. Nimeangusha mikaratusi ya watu. Nikipita mtaani, watu warefu hujikunja kidogo. Nadhani ni utani.

Historia yetu ni rahisi kusoma kwa sababu imejengwa kwa zege. Mkurugenzi wa kwanza alifanyia kazi ndani ya kontena, na redio moja, akiwajua marubani kwa sauti zao. Ndege zilitua. Wa pili akajenga ofisi. Wa tatu akaona si heshima kukalia kiti chenye joto la mwenzake, akaongeza ghorofa. Tangu hapo kila mkurugenzi amepanda juu ya aliyemtangulia, na huyu wa sasa ameweka ghorofa ya saba, yenye zulia na Ukumbi wa Historia. Kontena tunahifadhia mafagio.

Ila sheria, ambayo ni yetu wenyewe, inasema karibu na kiwanja cha ndege hairuhusiwi ghorofa hata moja. Marubani wakaanza kunung'unika kwamba wakishuka wanamwona Mkurugenzi anakoroga chai.

Hapo ndipo faida ya kisomo changu ilipoonekana. Sheria haihesabu kuwa kizuizi kitu ambacho ni kifaa cha kuongozea ndege. Nikaandika kwamba jengo letu si jengo, ni kifaa. Tukafunga taa nyekundu juu ya paa, bodi ikanipigia makofi, nami nikapandishwa kuwa Mkuu Mwandamizi. Mshahara ulibaki palepale, nisije nikalewa sifa.

Kikwazo kilichosalia kilikuwa mama mkwe wangu. Ni mkunga mstaafu, na nyumba yake inapakana na uzio wa kiwanja. Kila mvua ikinyesha maji huingia ndani mwake, naye ana pumu, kwa hiyo alijidunduliza mpaka akajenga chumba kimoja juu. Kule hulala bila kukohoa. Mkurugenzi aliagiza kibomolewe, na amri nikaipeleka mimi, kwa kuwa kumtuma mwingine kungekuwa ukosefu wa adabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita juu, chini pamelowa."

Nikapanda, nikaketi kwenye chumba kile, nikamweleza kwamba kisheria hakipo. Akaniuliza ndege gani hiyo itakayogonga chumba chake na kuliruka lile jumba letu. Nikamfafanulia habari ya kifaa. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyesikia visingizio vya akina baba wengi mlangoni mwa wodi ya wazazi.

Nyumbani mke wangu alisema machache: siku chumba kikivunjwa, mama atahamia kwetu, na mimi nitahamia kazini.

Wiki ya jubilei wakaja wakaguzi wa kimataifa. Kiongozi wao, mama mpole mwenye raba, alikagua ghorofa zote saba, akauliza kama hiki ni kifaa, viti hivi vya nini. Akatukumbusha kanuni tuliyoitia saini: ndani ya kifaa haruhusiwi kukaa mtu yeyote isipokuwa mtunzaji wake, anayeteuliwa na Mkuu wa Kitengo cha Vizuizi. Kwa hiyo tuchague. Kama ni jengo, libomolewe. Kama ni kifaa, tutoke. Mkuki ule tuliuzoea kwa nguruwe.

Tulitoka. Jengo likabaki peke yake, likiongoza ndege.

Meza ya Mkurugenzi haikuenea kwenye kontena. Karibu na kiwanja palikuwa na nafasi moja tu ya kupanga, nayo ni chini kwa mama mkwe. Tukahamia. Mkurugenzi, ili asionekane anapendelea ukoo wa wafanyakazi wake, akasisitiza kwamba chumba cha juu kitabomolewa Jumatatu kama ilivyopangwa. Nilimpongeza kwa msimamo wake. Usiku sikupata usingizi, na mke wangu alinifungia begi.

Jumamosi bodi ilikuwa kikaoni mvua iliponyesha. Maji yakaingia bila kubisha hodi, yakafika vifundoni. Mjumbe mmoja akapendekeza iundwe kamati, lakini kiti chake kilikuwa kimeanza kuelea. Nikatumwa juu kuomba hifadhi. Mama akasema waje, wavue viatu.

Bodi nzima ikaketi kitandani kwake, soksi zikichuruzika. Mkurugenzi akatazama dari kavu, akavuta pumzi ndefu, akasimama.

"Mama, Mamlaka imetafakari upya. Hiki si chumba. Ni kifaa cha kuongozea ndege, na hakitaguswa."

Mama akashukuru. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, kwenye kifaa anaruhusiwa kukaa nani?"

"Mtunzaji peke yake, Mama."

"Na anayemteua?"

"Ni mimi."

Mkurugenzi akakohoa, kikohozi cha mtu anayejua jalada langu liko kabati gani. Niliogopa, sifichi. Katika utumishi wangu wote sijawahi kuamua neno kabla ya kuambiwa nimeamua nini. Lakini nyumbani begi langu lilikuwa bado mlangoni.

"Mtunzaji ni wewe, Mama."

Akavaa miwani, akawatazama mmoja mmoja, kisha akawafungulia mlango.

"Basi shukeni polepole, wanangu. Ngazi zinateleza."