Habari za Mwenye Futi na Kushushwa kwa Kiti

Enyi mlioketi na mlioegemea milango, wenye baiskeli na wenye kuzitamani, tulizeni mioyo na mtege masikio, kwa maana yanayokuja si mambo ya kusikilizwa huku mtu akimenya kitunguu. Nawasimulia vita vilivyopiganwa ndani ya chumba kimoja, baina ya kochi na kabati la nguo za wateja, vita vya mtu na goti lake mwenyewe. Nami naliviona kwa macho yangu, kwa kuwa nalikwenda kuchukua suruali yangu, na haikuwa tayari.

Shujaa wetu ni fundi cherehani, Mwenye Futi Shingoni, Bwana wa Mkasi, mpima viuno vya wakubwa kwa wadogo, ambaye hapana mguu mtaani asioujua urefu wake. Kimo alipunjwa kidogo, akafidiwa kwa maneno. Farasi wake wa chuma alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kwa urefu wa miguu yake watu humwita Mlingoti. Baiskeli ilikuja na kiti chake juu, vile vile alivyokikalia Mlingoti, na Mwenye Futi akaapa kwamba hakitashuka hata unene wa uzi, asije mtu akasema amevaa nguo ya mkubwa. Basi akaendesha kwa ncha za vidole, nyonga zikiyumba huku na huku, hata mshipa wa nyuma ya goti la kulia ukaasi.

Uasi ule haukuwa wa mzaha. Hakuweza kupanda ngazi wala kukanyaga cherehani, na mkewe, ambaye naye ni fundi, akabaki kushona sare za shule peke yake, suruali yangu ikilala chini ya zote. Mtaalamu wa viungo akampumzisha, akamfundisha kunyoosha mguu, kisha akamruhusu aendeshe humo humo ndani, taratibu, gurudumu la nyuma likibanwa kwenye stendi ya chuma. Akapanda, goti likauma. Akapumzika, akapanda tena, likauma tena.

Ndipo mkewe alipotoa hukumu, mimi nikiwa kwenye kochi na maharage yakiwa jikoni.

"Baba watoto, nimeshamwita kaka aje leo jioni. Sasa panda nikuone. Maharage yakiiva hujaguna, baiskeli inabaki. Ukiguna hata mara moja, kaka anaondoka nayo. Mimi sina miguu minne ya kukanyagia cherehani mbili."

Shujaa akasimama, akaweka mkono kifuani, akanena: "Ewe binti wa watu, mwenye funguo za kabati na hukumu za nyumba hii! Waniambia mimi, niliyeyamaliza makoti ya harusi bwana harusi akiwa mlangoni na soksi tu, nitengane na farasi wangu? Na yatokote maharage, na uchochewe moto, wala hutasikia mguno kutoka kinywa hiki."

"Haya, panda," mkewe akasema. "Na usiniitie majirani."

Akapanda. Mnyororo ukavuma, vipande vya vitambaa vikapeperuka sakafuni, naye akasafiri kwa kishindo kutoka ukutani hata ukuta ule ule. Mwanzo uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha shinda. Kisha nikaona nyonga zikianza kuyumba, na kidole cha mguu kikiitafuta pedali huko chini. Hakuguna, ila alianza kuimba, na wateja wake wote tunajua kwamba mtu huyu huimba akiumia.

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama kwa jicho la fundi, lile la kutazamia suruali iliyomkaa mteja vibaya.

"Shuka," akasema. "Sijasema umeshindwa. Shuka nikupime."

Akamvua futi shingoni, akaipitisha upande wa ndani wa mguu, toka juu ya paja hata kisigino, akabana kipimo kwa kidole. Kisha akaipeleka kwenye baiskeli, toka kitini kwenda pedali ilipofika chini. Kipimo cha mguu kikaisha, pedali ikiwa bado mbali, upana wa vidole vitatu.

"Wewe ungemkatia mteja suruali kwa kipimo cha jirani yake?"

"Siwezi, hata kwa kulazimishwa."

"Na hiki kiti kimekatwa kwa kipimo cha nani?"

Shujaa akatazama sakafu.

"Watasema mimi mfupi," akasema kwa sauti ndogo.

"Lakini ni mfupi, baba watoto. Nilikuona vizuri kabla sijakubali kuolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nami nikaona haya ya kuwapo pale, nikatazama dari.

Hapo ndipo, enyi wasikilizaji, zama zilipogeuka. Mwenye Futi akatwaa spana, akapiga goti moja, lile zima. Nati ikagoma, ikalia, ikalegea. Kiti kikashuka, naye akakitia alama kwenye bomba lake kwa chaki ile ile ya kuchorea mapindo. Akapanda. Nyonga zikatulia, unyayo ukakaa juu ya pedali, goti likapinda na kunyooka lisiseme neno. Hakuimba. Akaenda, akaenda, hata mkewe akabonyeza harage kwa vidole, likapondeka.

"Yameiva," akatangaza, akageuka upesi ili asionekane akitabasamu.

Jioni Mlingoti akaja, akainama kupita mlangoni, akaiona chaki.

"Shemeji, kiti kimeshuka?"

"Nimekishusha mimi," akanena Mwenye Futi, kifua mbele, "kwa mkono wangu, na kipimo ni changu."

Mlingoti akakikalia, akazungusha pedali kidogo. Kisha akajikuna nyuma ya goti.

"Kumbe kinashuka vizuri tu. Hata mimi kilikuwa juu, shemeji. Nilikikuta hivyo dukani, nikaona aibu kukishusha. Ndiyo maana nilikupa."

Basi na ijulikane kwa wajao kwamba palikuwapo watu wawili walioteswa na kiti kisichokuwa cha yeyote, na aliyekishinda ni yule mfupi. Usiku haujaingia akaketi kwenye cherehani, akakanyaga kwa mguu wa kulia, na mimi shahidi wenu nikaenda nyumbani nimevaa suruali yangu.