Malalamiko Dhidi ya Ufunguo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jiji,

Pokea salamu za mama mwenye kalamu mkononi na mtoto anayempanda mgongoni kama ngazi. Herufi zikipinda, si dharau. Ni Kishindo, binti yangu, ananivuta nywele.

Tangazo lililobandikwa getini kwetu linasema halmashauri itakutana kuamua kama mpango wa vyumba uendelee, au sisi tuliopewa vyumba turudi mitaani na askari waendelee kutukamata kama zamani. Mwenye lalamiko kuhusu chumba alilete kwa maandishi. Mimi ninayo. Naomba uketi kwanza.

1. Ufunguo huu umevunja kazi za watu. Nilipokuwa nalala kwenye kibaraza cha duka la viatu, niliwaajiri wengi. Askari wa jiji tunayemwita Afande Filimbi alinipulizia filimbi sikioni kabla ya kupambazuka. Dereva akanipakia garini. Karani akaandika "uzururaji". Hakimu akanikaripia, mpishi wa mahabusu akanipa uji, kisha nikaachiwa, nikarudi kibarazani kutandika boksi langu palepale. Tukaanza upya, kila mtu na kazi yake. Leo wote hao wamekalishwa bila kazi na kipande cha chuma kinachoenea mfukoni. Nasikia chumba ni nafuu kuliko lile gari na mafuta yake. Sawa. Lakini unafuu ndio kila kitu?

2. Usingizi. Hakuna aliyenionya. Mwanzoni nililala nimekaa, viatu mguuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni ili akija mtu nimjue. Kisha nikavua kiatu kimoja. Baadaye kidogo, cha pili. Juzi nimelala hadi jua likanikuta kitandani, nikachelewa kazini kwa fundi cherehani, ambaye asingeniajiri kama nisingekuwa na mahali pa kuoga na kupiga nguo pasi. Kwa hiyo sasa nina bosi wa kunigombeza. Na hilo limetoka ofisini kwako.

3. Mtoto. Jina la Kishindo amelipata humu chumbani. Kule kibarazani alijifunza kulia bila sauti, maana sauti ilileta tochi. Alikuwa anakunja uso, machozi yanatiririka, lakini husikii kitu. Nilidhani ndivyo nilivyomzaa. Tulipoingia humu, siku ileile aligonga sufuria kwa kijiko, akanyamaza, akasikiliza. Hakuna aliyekuja. Akagonga tena. Mheshimiwa, hajaacha mpaka leo. Jirani anapiga ukuta: "Mama Kishindo, huyo mtoto kameza ngoma?" Nikirudishwa mtaani, bila shaka atanyamaza. Hapa kalamu imekuwa nzito kidogo, naendelea.

4. Shangazi. Miaka yote hakujua nilipo. Nimepata mlango wenye namba tu, huyu hapa, na mkeka wake kwapani. "Kumbe una mlango, mwanangu! Si ungesema!" Hajaondoka. Ananisuka kwa nguvu, ananilazimisha nile, na usiku ananivutia blanketi lote. Sheria ndogo za jiji zinasemaje kuhusu shangazi?

5. Hili ndilo zito. Kosa langu lilikuwa kulala. Bado nalala, tena kuliko zamani. Mwili ni uleule na mkoromo ni uleule. Kilichoongezeka ni mlango. Ina maana sikuwa na kosa, nilikuwa sina mlango? Basi wangenikamata wakanipeleka kwa seremala, si kwa hakimu! Ila siamini kwamba jiji zima linaweza kukosea kiasi hicho. Kwa hiyo kulala ni kosa kwelikweli, na haki iwe sawa kwa wote: kila nyumba ipigiwe filimbi. Tuanze na ukumbi wa halmashauri, ambao ni mahali pa umma. Siku nilipokuja kuomba chumba niliwakuta waheshimiwa wamesinzia kwenye viti vya ngozi, mmoja kaachama hadi nikaona jino la mwisho. Sikumwamsha. Naijua hali ya kuamshwa.

6. Afande Filimbi mwenyewe. Kwa mazoea bado anapita dirishani kwetu alfajiri. Hapulizi, maana filimbi ameshanyang'anywa na Kishindo (tazama namba tatu). Juzi aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi vyumba hivi mtu anaviombaje?" Kumbe analala kwenye benchi la ofisi yao! Mtu aliyekuwa akinikamata kwa kukosa nyumba, naye hana. Naomba akamatwe haraka, au apewe chumba. Chagueni lililo nafuu.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu mpango ufutwe, chumba kichukuliwe, nami nirudishiwe kibaraza changu, boksi langu na gari langu la alfajiri. Niko tayari kukabidhi ufunguo mara moja.

Nisalimie wote hapo ofisini, na dereva, na hakimu, na mpishi (uji ulizidi chumvi, lakini si neno), na zaidi yule mheshimiwa aliyeachama. Shangazi anakusalimu. Kishindo pia anakusalimu, nadhani umeshamsikia.

Ni mimi, mlalaji wako mtiifu,
Mama Kishindo

N.B. Nimemsomea shangazi barua hii kwa sauti. Nilipofika kwenye "kukabidhi ufunguo", Kishindo alishuka mgongoni, akaenda kuufunga mlango kwa ndani, na tangu hapo ufunguo haujaonekana. Sasa siwezi kuukabidhi hata nikitaka, na bila kuukabidhi ombi langu lote halina miguu, kwa hiyo lichaneni. Barua nampitishia Afande dirishani. Naomba mumjibu lile swali lake. Ufunguo nimeutafuta kila mahali, isipokuwa chini ya mto wa mtoto. Hapo sitatazama, Mheshimiwa. Amelala.