Jangwa la Makandana

Ackson alikuwa ananawa mikono kwenye mgahawa mmoja wa Msasani, ile ya Tukuyu, aliposikia mtu nyuma yake akisema kiinua mgongo cha Mzee Jotham kimeingia benki. Hakugeuka. Aliendelea kunawa mpaka mwenye mgahawa akamuuliza kama anakwenda kufanya upasuaji.

Mwacheni anawe, kijana wa watu alikuwa kazini. Ackson alikuwa amerudi kutoka Uarabuni, alikoajiriwa kuokota mipira ya gofu kwenye hoteli moja ya jangwani. Alirudi na fimbo ya gofu, kofia nyeupe na video kwenye simu, na mjini akajiita mshauri wa michezo ya kitalii. Pikipiki yake aliinunua kwa ushauri huo. Wapo watu kijijini Lufingo, waliomlipa wakangoja bure, ambao mpaka leo wakiisikia inapita wanatoka nje na mapanga.

Mzee Jotham alikuwa mtunza stoo wa serikali, kastaafu juzi. Ubahili wake ulijulikana Tukuyu nzima: mgeni wake hupimiwa sukari kwa kifuniko cha soda. Nyumba yake ya Makandana ilikuwa na bati, haina plasta, miaka na miaka matofali yanakodoa macho barabarani. Siku hiyohiyo mchana Ackson akamkuta amekaa mbele ya nyumba hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo fimbo vipi, umeona nyoka?"

"Hii ni ya gofu, mzee. Hebu tazama hapa."

Akamwonyesha video. Mchanga mweupe, wazungu wenye kaptula, milima mirefu kwa nyuma. Mzee akavaa miwani.

"Hao wamepotea?"

"Wamelipa! Usiku mmoja hapo ni pensheni yako ya mwezi mzima."

"Kulala mchangani?"

"Na wanagombania nafasi. Sasa jiulize, mzee wangu, sisi tunakosa nini? Wao wana milima mikavu, haina hata mti. Sisi tuna Mlima Rungwe mzima. Kinachokosekana ni jangwa tu."

"Jangwa? Tukuyu? Kwa mvua hii?"

"Ndiyo maana hatuna mshindani."

Mzee Jotham akameza mate, na Ackson aliyaona yakishuka kooni. Akamweleza kuhusu Rungwe Jangwani Gofu, kuhusu kiti cha mwenyekiti kilicho wazi, na kuhusu ada ya ubia, ambayo kwa bahati ya ajabu ililingana na kiinua mgongo chote. Tikiti ya basi la Dar kwa Ackson peke yake hakuitaja. Mtu huwezi kusema yote siku moja.

"Nimeipenda," mzee akasema. "Ila mimi nimekaa stoo maisha yangu yote. Sijawahi kulipia mzigo kabla ya kuupokea. Niletee jangwa nilione, nikupe hela zako."

"Jangwa zima, mzee?"

"La mfano. Mwaga hapahapa mbele ya nyumba, nafasi ipo, na mlima uko mbele yetu."

Hapo Ackson angeaga akaenda kutafuta mjinga mwingine, tungekuwa na hadithi fupi. Lakini kiinua mgongo kinapofusha. Mchanga mzuri wa kujengea Tukuyu unapandishwa na lori kutoka Kyela, na wenye lori hawana masihara. Akaenda kwa Lilian, mwenye lori la njano, akamwachia pikipiki iwe dhamana.

Lori la kwanza likamwagwa. Mzee akashika mchanga kiganjani, akaunusa.

"Una udongo. Mzungu hawezi kucheza kwenye udongo. Uchekeche."

Ackson akauchekecha mwenyewe, na kofia yake nyeupe, huku jirani Boazi akitazama juu ya ua. Lori la pili likaja, na la tatu. Mzee akarudia video, akaisimamisha.

"Hapa naona kokoto."

"Ni pembeni tu, mzee."

"Jangwa ni jangwa, mwanangu. Tusiwadanganye watu."

Kokoto zikaja. Mke wa mzee, Mama Esnath, akatoka na mwiko mkononi. "Baba Esnath! Mlango wangu mmeufanyaje?" Mzee akamtazama. Wakatazamana hivyo kidogo, halafu mama akarudi jikoni, na Ackson akamsikia anakohoa kwa muda mrefu.

Mvua nayo haikuwa imeambiwa habari za ubia. Ilinyesha kama kawaida yake, mchanga ukaanza kutafuta mtaro. Ackson akaazima maturubai, akayakandamiza kwa mawe. Nadhani lile ndilo jangwa pekee duniani lililowahi kufunikwa lisilowane.

Mvua ilipopungua kidogo, mwenyekiti mtarajiwa akajaribu mchezo. Akakunja kiuno, akazungusha fimbo kama anafyeka, mpira ukaruka ua ukatua kwenye migomba ya Boazi. Kuku wakatawanyika.

"Umeingia?" mzee akauliza.

"Umeingia vizuri sana," Ackson akasema, jasho likimtoka. "Sasa mzee, mzigo umeupokea. Twende benki."

"Mchanga nimeupokea. Video yako inaonyesha mchanga na mlima. Mlima uko wapi?"

Ackson akanyoosha kidole. Kulikuwa na ukungu mtupu. Hata mti wa parachichi wa Boazi hauonekani.

"Mzee, mlima uko palepale! Umezaliwa unauona!"

"Stoo hatupokei kitu cha kuambiwa. Siku ukionekana, njoo tumalize."

Ukungu ukakaa. Kila asubuhi Ackson alitoka chumbani kwake Msasani, akatazama juu, akatukana, akarudi kulala. Lilian alikuwa ameshaanza kwenda sokoni na ile pikipiki. Kijana alikonda. Alikuwa anaogopa kweli sasa, maana bila pikipiki hiyo hata kukimbia angekimbia kwa miguu.

Halafu asubuhi moja akafungua mlango, na Rungwe huu hapa! Wote, kuanzia migombani mpaka kileleni, umeoga. Akakimbia mpaka Makandana.

Akakuta mafundi. Kuta zote zimepigwa plasta, laini mpaka inavutia kupapasa. Sakafu imemwagwa zege. Jangwani kulibaki maturubai, yamekunjwa vizuri.

"Mzee! Mchanga wangu!"

"Wako? Si wa ubia? Karibu, karibu. Mlima nimeupokea, uko safi kabisa. Ila sasa ni mchanga ndio siuoni."

"Naenda polisi!"

"Nenda, mwanangu. Waeleze kwamba ulikuwa unajenga jangwa Tukuyu. Na wale wa Lufingo nitawaita waje wakutolee ushahidi."

Ackson akakaa kwenye ndoo ya fundi. Mama Esnath akamletea chai na ndizi za kuchemsha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, sukari ilikuja kwenye bakuli lake.

"Ndaga fijo," mzee akamshukuru, na alishukuru kwa moyo wote. Akavuta kiti karibu yake, akavaa miwani.

"Hebu nionyeshe tena ile video. Hizo hoteli za jangwani, kuta zake huwa wanapaka rangi gani?"

Ackson akaweka kikombe chini taratibu, akaondoka bila kuaga. Fimbo aliisahau. Siku hizi Mama Esnath anaitumia kuangulia maparachichi.