Mkono Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mzee wetu, msimamizi wa chumba cha kufulia hapa hotelini, anastaafu. Meneja hataki lawama: amesema sisi wafuaji saba tuchague msimamizi wenyewe Ijumaa, kwa kunyoosha mikono. Na msimamizi hafanyi kazi Jumapili. Jumapili! Mimi nimefanya kazi Jumapili kumi na tisa mfululizo. Zamu zangu hasa zilikuwa tano. Zilizobaki ni za watu. Wanaomba, nawapa.

Nimemweleza mama watoto. Hakucheka. Alisema safari hii nikikosa, yeye na watoto wanahamia kwa dada yake, maana hata hapa anaishi kama hana mume. Nikamwambia ana haki. Akasema hilo ndilo hasa linalomchosha.

Mpinzani ni mmoja tu, Ndimu. Tumempa jina hilo kwa uchachu wake. Mwaka mzima hajabadilishana zamu na mtu. Ukimwomba akushikie ncha ya shuka, anakuuliza mwenzako yuko wapi. Nani ampe kura yule? Mimi nimekunja mashuka na kila mtu humu ndani, sijabishana na yeyote. Kiti ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeanza. Kila mpiga kura apate anachotaka, basi.

Bi Pasi, mama mtu mzima anayenyoosha mashati ya wageni, anataka feni izimwe. Kifua kinambana. Nimemwahidi itazimwa. Fundi wa mashine anataka feni iwake kutwa, anasema kwenye vikaushio ni moto mtupu. Nimemwahidi itawaka. Feni ni moja. Nitalifikiria nikishakaa kwenye kiti.

Mpanga foronya anataka nimshikie zamu yake Jumapili hii, ana wageni. Nimekubali. Huwezi kumnyima mtu zamu halafu umwombe kura.

Kwa hiyo hao watatu na mimi, wanne. Ndimu ana rafiki zake wawili kwenye mataulo, na yeye mwenyewe, watatu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mama watoto aliuliza kama Jumapili nitakuwepo. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Bi Pasi na fundi wamekutana wakati wa chai. Wamelinganisha ahadi. Wakanijia pamoja.

Nikamwambia Bi Pasi ana haki. Nikamgeukia fundi, nikamwambia naye ana haki. Wamesimama bega kwa bega! Fundi akasonya. Bi Pasi alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko sonyo. Aliniambia, “Mwanangu, wewe si mbaya. Ila huegemeki.”

Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nilikuwa na tatu. Lakini wamesema kura watanipa tu, kwani wataenda wapi, kwa Ndimu? Nikawashukuru mpaka fundi akaniomba ninyamaze.

Jioni nimebadili mpango. Kuanzia leo mimi ni mkali. Nimesimama mbele ya kioo, nikakunja uso, nikasema hapana. Nikasema tena, kwa sauti. Mama watoto alinisikia, akaja mbio, uso umemng'aa. Akasema jirani yuko mlangoni, amekuja kuazima pasi yetu kwa mara ya nne wiki hii, niende nikamwambie hivyohivyo.

Nikaenda. Jirani ameondoka na pasi. Na meza ya kupigia pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa la pili!

Ndimu alinifuata stoo ya sabuni. Sijawahi kuzungumza naye maneno zaidi ya matatu. Hakuzunguka. Alisema anakitaka kiti, amepungukiwa kura moja, na anaiomba yangu. Nilifungua kinywa kumjibu, na neno lilikuwa tayari kabisa mdomoni. Halafu akasema tafadhali. Tafadhali! Ndimu! Na macho yake yakawa ya mtu wa kawaida, aliyechoka, mwenye kuogopa kukataliwa.

Nikasema ndiyo.

Nimekaa juu ya gunia la sabuni dakika ishirini. Mama watoto ameshaanza kukunja nguo za watoto, anasema anazipanga tu.

Si neno, njia ipo. Kesho nitanyoosha mkono nusu, usawa wa sikio. Ndimu ataona nimetimiza ahadi. Meneja ataona najikuna.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja alianza na Ndimu. Mikono mitatu juu. Ndimu akanitazama. Nikapandisha wangu mpaka sikioni, nikajikuna kidogo.

Meneja akauliza huo ni mkono au ni nini. Akasema nisiogope, niunyooshe vizuri.

Nikaunyoosha vizuri.

Minne! Bi Pasi alijishika kichwa. Nilipotajwa mimi, mikono ilikuwa mitatu, na watu hao watatu walikuwa wananitazama mimi, si meneja. Nimejimaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipiga makofi kuliko wote.

Baadaye Ndimu aliniita pembeni. Alisema ameona kwenye orodha kwamba Jumapili hii si zamu yangu. Nikimwambia sitaki, ataifuta palepale, mpanga foronya aje mwenyewe. Neno moja tu, alisema, kalamu anayo mkononi. Mpanga foronya alikuwa nyuma yangu, anasikia. Nikasema mbona haina tabu, nimezoea. Ndimu akafunga kalamu polepole.

Nyumbani nimesema ukweli. Mama watoto hakugomba. Alipanda kiti akateremsha sanduku.

Jumamosi, 8 Machi

Aliniuliza mara moja tu, amesimama katikati ya chumba, sanduku limefungwa: “Baba watoto, niende?”

Kifuani nilisikia kila kitu kinapiga kelele. Nikamwambia kama anaona ni vyema, sawa.

Akasema basi nimbebee sanduku. Nikambebea. Njiani alisimama mara tatu, akasema labda ni zito mno, labda tulirudishe. Nikasema si zito hata kidogo, asijali. Nilitaka asihangaike.

Kwenye basi alisimama mlangoni, akaniuliza kama kweli sina la kusema. Nikamwambia nimemtafutia kiti cha dirishani, upande usio na jua. Akalia. Binti yetu akanipungia mkono mpaka basi likakata kona.

Nimerudi. Nimeosha kikombe chake kilichokuwa tayari safi. Nimelia juu ya sinki kama mtoto, na hakuna wa kuniambia nyamaza.

Jumapili, 9 Machi

Kazini. Mashuka mia na arobaini, nimekunja peke yangu, ncha moja nimeibana mlangoni.

Nimepata muda wa kutafakari nilipokosea. Nimeona. Sikuwa mwema vya kutosha. Watu walinihisi nina ukaidi fulani, hasa ile siku ya kioo. Mtu akitulia, asimkwaze yeyote, mambo hujipanga yenyewe.

Nimemwandikia mama watoto ujumbe wa simu: lolote atakaloamua, mimi nakubali. Nadhani atafurahi.