Vijiko Viwili vya Monika

Jumatatu, 3 Juni 2024. Miaka arobaini na tisa nilikata mkonge Tanga. Sasa niko Sumbawanga, Majengo, kwa binti yangu Avelina, wiki ya tatu. Mjukuu wangu Monika ametimiza miezi sita, anaanza kula. Kliniki wamesema chakula kipya kimoja, vijiko viwili, siku tatu, ndipo kingine. Kunyonya kuendelee. Avelina amechagua uji wa mahindi. Mtoto wa Ufipa, huku mlimani, huanza na ulezi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni. Avelina yuko dukani kwake. Nimempa Monika uji wa ulezi, vijiko sita. Amelamba midomo. Kijiko nimekifutia koti. Bibi Kristiana, mama wa mkwe wangu, anayekaa nasi, ameuliza mbona koti lina uji. Nimemjibu ni uzee. Yeye ni mtu wa Mtowisa, bondeni. Kwake kisicho mchele si chakula.

Jumatano, 5 Juni. Tumbo la Monika limejaa gesi. Nepi saba kabla ya saa sita. Avelina analaumu mahindi. Nimemuunga mkono kwa huzuni.

Alhamisi, 6 Juni. Kliniki, wote wanne. Muuguzi Rahel ameuliza mtoto amekula nini. Avelina akasema mahindi tu. Rahel akanigeukia.

“Shikamoo, babu. Na wewe umempa nini?”

Nikasema marahaba, nikatazama ukuta.

“Babu, ukuta hauna mtoto.”

Nikakiri. Kristiana akakohoa, naye akakiri: uji wa mchele, tangu Jumatatu, na maziwa ya ng'ombe kidogo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Rahel akasema tumbo hili ni jipya, nasi tumelishusha bondeni na kulipandisha mlimani siku moja. Ametoa ORS na zinki za kuharisha. Anyonye mara nyingi.

Tulipofika nyumbani Avelina akatugeukia. “Baba, ukirudia, simwachi tena na wewe. Nawe pia, mama.” Sikula.

Jumapili, 9 Juni. Monika mzima. Choo kimoja, kizuri, nimekikagua mwenyewe. Mahindi, vijiko viwili. Avelina ameniachia mtoto, ameenda Misa. Mimi na Kristiana tumepatana kabisa. Jumatano tutachanganya ulezi wangu na mchele wake katika sufuria moja. Uji mmoja ni chakula kimoja. Hapo Rahel hana neno.

Yonas, jirani yangu wa kambi ya mkonge, amepiga simu: chumba changu kipo, narudi lini? Nimemwambia ampe mtu. Tanga sirudi.