Nilivyomsafisha Konstebo Kisigino

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka nimekalia stepla. Mteja aliyekuja kutoa nakala za cheti alisahau gazeti lake juu ya mashine, nami nikalisoma bure kama kawaida yangu. Huko ughaibuni mtu amenunua karatasi moja ya katuni, iliyochorwa kwa mkono, kwa bei iliyovunja rekodi. Karatasi moja! Pesa zile zingenunua mtaa wetu wote, nyumba kwa nyumba, pamoja na mbwa wa jirani. Nilidhani aliyepiga chapa alisinzia juu ya sifuri.

Kumbe kitabu chenyewe cha katuni si kitu, kinachapwa kwa maelfu. Kinachogombaniwa ni ile karatasi ya mwanzo, aliyoigusa mchoraji mwenyewe. Hiyo haina pacha.

Nimefunga duka mapema. Baba mkwe wangu alikuwa mchoraji wa katuni! Miaka nenda miaka rudi alimchora Konstebo Kisigino, yule polisi anayekamata wezi kwa kunusa viatu vyao, mpaka jarida likafa. Nami siku zote nilimwona mzee wa kawaida tu. Macho yangu haya, sijui yalikuwa yanaangalia nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtembelea baba mkwe, sukari mkononi. Alishtuka. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia nimemkumbuka tu. Akashtuka zaidi.

Nilipoyazungusha mazungumzo mpaka kwa Konstebo, mzee alichangamka. Kurasa karibu zote zilibaki kwa mchapishaji, na mchapishaji alizitumia kufungia vifurushi. Kufungia vifurushi! Nilishika ukuta. Amebakiwa na mmoja tu, ule wa mwisho kabisa, na anauhifadhi chini ya godoro.

Aliutoa nikauona. Maneno ya wahusika yameandikwa na mama mkwe, marehemu, kwa sababu mwandiko wa mzee ni kama kuku kaparua. Na pembeni kabisa, kwa penseli, mama alimwandikia mumewe siku alipokuwa akiuchora kwamba chakula kinapoa, amkamate huyo mwizi haraka aje ale. Mzee aliyasoma kwa sauti, akacheka peke yake.

Nikamwomba aniazime nikauonyeshe kwa mtaalamu. Alisita sana. Mwishowe akakubali, ila niurudishe Jumamosi, maana bila ukurasa ule chini yake hapati usingizi mzuri. Mlangoni nikapishana na shemeji, kaka wa mke wangu, tunayemwita Meneja ingawa hasimamii hata kuku. Kwapani ana gazeti lilelile! Nikakaza mwendo.

Jumatano, 5 Machi

Leo dukani nimeukagua ukurasa kwenye mwanga. Aibu tupu! Mistari ya penseli imezagaa chini ya wino. Mabonge ya rangi nyeupe kila mahali mzee alipokosea. Duara la chai, chapa kamili ya kikombe, juu ya kofia ya Konstebo. Vipande vya karatasi vyenye maneno ya wahusika vimebandikwa kwa gundi iliyogeuka njano. Nani atoe utajiri wake kwa uchafu kama huu? Tena Meneja angeupeleka hivihivi, namjua.

Nikavua saa, nikaanza kazi. Penseli nimeifuta yote, hata ile ya pembeni. Rangi nyeupe nimeikwangua kwa wembe. Duara la chai lilinisumbua, lakini mimi ni king'ang'anizi. Vile vipande vya maneno nimevibandua, nikachapa vipya kwa kompyuta, herufi nene, zinasomeka hata na aliye ng'ambo ya barabara. Mwisho nikaupitisha kwenye mashine ya lamineshini, ile ya kufunikia vyeti vya watu kwa plastiki ya moto. Ulikuwa mkubwa kidogo, basi nimepunguza kingo.

Unang'aa! Nimeuona uso wangu ndani yake. Uso wa tajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Sina nguvu za kuandika.

Naandika hivyo hivyo. Mtaalamu ni daktari wa meno anayekusanya kurasa halisi za katuni. Amezitundika chumba kizima cha kusubiria, na wagonjwa wanaziangalia huku wameshika mashavu. Alipouona ukurasa wangu aliupokea kwa ncha za vidole. Aliugeuza. Akauinua kwenye taa yake ya kutafutia meno mabovu. Kisha akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Penseli iko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeifuta. Rangi nyeupe? Nimeikwangua. Mwandiko? Nimeweka wa kompyuta. Kwa kila jibu alifumba macho, kama vile mimi ndiye ninayemng'oa meno.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto mwenye jino bovu. Anayetaka picha safi atafute jarida kuukuu, bei ya njugu. Mkusanyaji analipia mkono wa mtu: penseli alipoanzia, rangi nyeupe alipobadili mawazo, chai aliyomwaga, maandishi ya pembeni hasa hasa. Meneja alikuwa amefika jana kuulizia, na daktari alimwambia ukurasa uletwe kama ulivyo, hata vumbi lisipanguswe. Meneja! Yule yule!

Kisha akataja bei ambayo angelipa. Nikaomba maji. Alinipa kwenye kile kikombe cha kusukutulia. Nikauliza, na sasa je? Akasema sasa unafaa kuwekea sufuria ya moto mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeurudisha. Njiani nilitunga uongo wa aina tatu, wote ukaniishia mlangoni. Mke wangu alikuwepo, Meneja pia.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Akaifuta plastiki kwa mkono wa shati, akaupeleka dirishani, akasogeza macho pembeni kabisa.

"Maneno ya mama yenu yako wapi?"

Akaniuliza mimi, kwa upole, kama plastiki inaweza kutoka. Nikasema haitoki. Akaketi kitandani, akawa anapapasa ukingo ule kwa kidole, pale palipokuwa na maneno. Habari ya pesa hakuuliza hata kidogo. Nilitamani anitukane. Nimeona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mke wangu hajanisemesha tangu hapo, na Meneja, niliyemtarajia acheke mpaka adondoke, alitoka zake nje.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata dawa! Mke wangu amekwenda kumliwaza baba yake, nami hapa nyumbani nikapekua sanduku lake la nguo, kwa nia njema. Chini kabisa, picha ya mama mkwe enzi za usichana wake. Ile karatasi nyembamba ya zamani. Nyuma yake ameandika mistari michache ya penseli kwa ajili ya mzee, mwandiko wake mwenyewe! Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kosa langu lilikuwa kufuta. Nimelielewa vizuri sana. Mwandiko wa marehemu haufutwi, na safari hii sijafuta hata nukta. Ila penseli imefifia na macho ya mzee yamechoka. Kwa hiyo nimezipitia herufi zote, moja baada ya nyingine, kwa ile kalamu nene ya kuandikia mabango. Palipokuwa pafupi nimeongeza maneno mawili matatu ya mapenzi, mama alikuwa mchoyo wa maneno. Pamependeza mno. Mzee atalia, ila kwa furaha.

Nimeigeuza picha sasa hivi. Wino umepenya. Umetokea upande wa pili, kwenye shavu la mama mkwe, na kidogo puani.

Si neno. Nitamwambia mzee ni alama tu, mama alizaliwa nayo.